Sakafu ya chumba kimoja: ununue nini, na kiasi gani

Wengi wanaomalizia nyumba huuliza kwanza bei ya boksi la marumaru. Bei ya boksi si bei ya sakafu. Chini yake kuna saruji na mchanga, au gundi. Katikati kuna grauti ya kujaza nafasi kati ya marumaru, pembeni kuna skatingi, ile mistari inayozunguka chini ya ukuta, halafu kuna ufundi. Hapa tumepanga aina nne za sakafu, kuanzia tunayoipendekeza zaidi: marumaru, niru (sakafu ya saruji iliyolainishwa juu), terazo (saruji yenye vipande vya mawe inayosagwa hadi ing'ae) na zulia la plastiki. Hesabu zote hapa ni za chumba cha kulala cha mita 4 kwa 3.5, chenye mlango wa sentimita 90, yaani mita 14 za mraba. Chumba chako kipime sehemu tatu kila upande, uchukue kipimo kikubwa, maana kuta nyingi hazijanyooka.

Namba moja: marumaru za sentimita 40 kwa 40. Za 60 zinapendeza sebuleni, lakini zinadai sakafu iliyosawazika sana, na katika chumba kidogo utakata na kutupa nyingi. Sakafu inahitaji 88. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, zinakuwa 97. Skatingi ya sentimita 10 inazunguka mita 14.1 ukitoa mlango, na marumaru moja inatoa vipande vinne, karibu mita 1.6. Weka 10. Jumla ni 107. Kwa boksi la vipande 12, ni maboksi 9. Nunua 10, hilo la ziada ulifungie stoo, kwa sababu ikipasuka moja miaka mitatu baadaye rangi ile hutaipata tena dukani. Kabla ya kupakia, soma namba ya rangi iliyopigwa muhuri kwenye kila boksi. Maboksi ya jina moja yenye namba tofauti yakishalazwa yanaonekana kama viraka.

Vya kubandikia vinategemea aina ya marumaru. Geuza marumaru, dondoshea maji mgongoni. Yakinywewa haraka, hiyo ni seramiki, na inashika vizuri kwa saruji na mchanga ikilowekwa kwanza. Yakibaki juu, hiyo ni poseleni: uji wa saruji hauna pa kuingia, kwa hiyo nunua gundi. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Poseleni zikilazwa kwa saruji tupu, mwaka haujaisha zinang'oka nzima nzima, mgongo msafi kama zilivyotoka kiwandani. Gundi hesabu kilo 5 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 70, mifuko minne ya kilo 20. Kwa saruji na mchanga wa moja kwa nne, unene wa sentimita 3, unahitaji mifuko mitatu ya kilo 50, toroli 7 za mchanga, na mfuko mmoja zaidi wa uji. Zege likiwa na mabonde na unene ukafika sentimita 5, mifuko ya kusawazishia inapita mitano. Kwa hiyo weka rula ndefu na pima maji juu ya zege kabla ya kuandika bajeti. Grauti kilo 4 zinatosha kwa nafasi ya milimita 3. Usikubali kubananisha marumaru bila nafasi, na ukutani acha milimita 5 zitakazofichwa na skatingi. Joto likizitanua bila pa kwenda, zinabinuka katikati ya chumba.

Namba mbili ni niru, na tunaitanguliza mbele ya terazo kwa makusudi. Ikipigwa vizuri unahamia, unaishi, na siku fedha ikipatikana unalaza marumaru juu yake baada ya kuikwaruza. Kwa unene wa sentimita 4, mchanganyiko wa moja kwa tatu, andaa mifuko 6 ya saruji pamoja na ya kunyunyizia juu, na toroli 9 za mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani wenye chumvi unatoa unga mweupe usioisha kufagiwa. Inapasuka kwa sababu ya haraka: imwagilie maji siku 7.

Terazo ni ya tatu kwa chumba kimoja tu. Kwenye varanda au nyumba nzima ingekuwa ya kwanza, maana inadumu miongo na inang'arishwa upya. Lakini kuleta mashine ya kusagia, mawe yake na fundi anayeijua ni gharama kubwa kwa mita 14 tu.

Zulia la plastiki ni la mwisho. Roli la upana wa mita 2 linataka vipande viwili vya mita 4.1. Sakafu ikiwa na unyevu, chini kunaota ukungu.

Kuhusu ufundi, patana kwa mita ya mraba, na itamkwe kama skatingi, grauti na kusawazisha vimo ndani. Fundi na saidia mmoja wanalaza mita 10 hadi 15 kwa siku, hivyo chumba hiki ni siku mbili. Bakiza sehemu ya malipo hadi siku ya tatu baada ya kulaza, kisha gonga kila marumaru kwa sarafu, kona zote nne na katikati. Inayolia kama debe tupu iliwekewa mabonge ya gundi pembeni badala ya kutandazwa kwa mwiko wa meno. Mguu wa kitanda utaipasua. Itolewe na irudiwe kabla hujamalizia hela.