Huduma ya ultrasaundi Dodoma mjini: maelezo mazuri, mapokezi hafifu

Nilimpeleka mjomba, aliyeshuka kutoka Kongwa akiwa na macho ya njano na mwasho uliomnyima usingizi, kwenye kliniki moja ya binafsi hapa mjini. Mapokezi walituweka kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na nusu, kisha wakaandika kwenye fomu "homa ya manjano", ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ambao mjomba hakuwa nao. Umanjano wa macho ni dalili tu, na kosa hilo liliwatia hofu ya bure watu wa nyumbani.

Chumba cha kipimo kilikuwa jambo jingine kabisa. Mtaalamu aligeuza skrini upande wa mjomba, akamwonyesha mfereji mkuu wa nyongo uliotanuka hadi milimita 11, ilhali kwa kawaida hauzidi 6 hivi, na mwishoni mwake kijiwe kilichong'aa na kuacha kivuli cheusi nyuma yake. Daktari akaeleza kwamba ini hutengeneza nyongo ya nusu lita hadi lita moja kwa siku, na kwamba njia ikiziba shinikizo hurudi nyuma mpaka kwenye vijifereji vyembamba vilivyo kati ya seli za ini, ambako maungio yanayoitenga nyongo na damu hulegea, nayo ikavujia kwenye damu na limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayorudi kwenye damu. Bilirubini, ile rangi ya njano iliyomo kwenye nyongo, ikishachakatwa na ini huyeyuka katika maji, kwa hiyo figo huitoa na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Choo nacho, kwa kuwa nyongo haifiki utumboni, hupauka kama udongo wa mfinyanzi.

Mjomba, ambaye amechinja mbuzi wengi na anajua nyongo ikipasuka inavyoharibu nyama, aliuliza, "Kwa hiyo, daktari, nyama yenyewe ndiyo mimi?" Daktari alicheka, lakini hakukana. Aliagiza pia kipimo cha kuganda kwa damu, kwa kuwa bila nyongo utumbo hufyonza kwa shida vitamini K, ambayo mwili huihitaji ili damu igande, na barua ya rufaa tukaipata alasiri ileile.

Ripoti, hata hivyo, ilichapwa kwa Kiingereza kitupu, na ilinibidi nimtafsirie mjomba mstari kwa mstari ndani ya bajaji. Risiti ya shilingi 35,000 ilikuwa kwa Kiswahili fasaha.