Nimesoma QT nikiwa dereva: uzoefu wangu na kituo cha jioni

Kwa wanaouliza kama vituo vya jioni vya QT (mtihani wa maarifa, ambao asiyepitia sekondari lazima aufaulu kabla ya kufanya wa kidato cha nne) vina maana yoyote kwa mtu mzima aliyeishia darasa la saba: vina maana, ila ujue unalipia nini. Mimi nimesoma kimoja huku Mbagala na cheti ninacho. Jina la kituo naliacha, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Leseni ninayo, barabara naijua, lakini tangu 2004 utumishi wa umma unataka kidato cha nne, hata kwenye udereva. Basi nikaenda. Mwaka wa kwanza mnapelekwa kidato cha kwanza na cha pili kwa mkupuo, mnafanya QT ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Ukifaulu, mwaka unaofuata ni cha tatu na cha nne, na Novemba unaingia chumba cha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vipindi vinaanza saa kumi na moja jioni, kwenye madarasa ya kukodi ya shule ya msingi. Madawati ni ya watoto. Magoti tafuta mwenyewe pa kuyaweka.

Shughuli pevu ni Kiingereza. Msingi tulisoma kwa Kiswahili, tena zamani hizo, halafu jioni ya kwanza tu unakuta Biology imejaa ubao mzima kwa Kiingereza. Walimu wetu hapo nawapa maua yao. Notsi Kiingereza, maelezo Kiswahili, ila jibu ulitoe kwa Kiingereza hata kama kimevunjika. Tulinuna sana. Mpaka QT inafika, watu wazima waliokuwa wanaogopa kutaja majina yao kwa Kiingereza wanaandika aya nzima. Wenzetu waliohamia kutoka kituo kingine walikuwa wamekaririshwa majibu ya mitihani iliyopita. Swali likigeuzwa kidogo tu, wanatoa macho.

Hesabu nazo zilianza vizuri. Siku ya riba, mwalimu hajamaliza hata kuandika kanuni, mama mmoja mweka hazina wa kikoba akataja jibu kutoka nyuma. Mwalimu akamkabidhi chaki, akasema njoo utufundishe. Yule mama alitupigia mfano wa mkopo wa mwanachama, marejesho na faida yake, darasa zima likaelewa. Bahati mbaya mwalimu yule aliondoka katikati ya mwaka, nasikia mambo ya malipo, na hakuletwa mwingine kwa muda mrefu. Ada haikupungua hata shilingi.

Physics na Chemistry hazifundishwi kabisa, maabara hakuna. Kwa hiyo mwenye ndoto ya unesi asipoteze hela yake pale.

Usajili wa mtihani ndio ulionikera kuliko yote. Dirisha la NECTA hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa unalipa faini. Fedha tulitoa mapema, mwenye kituo akazikalia, faini tukaibeba sisi. Usikubali kuambiwa "umeshasajiliwa, usijali". Omba uoneshwe karatasi ya usajili, soma jina lako herufi kwa herufi, lifanane na la kitambulisho chako cha taifa (NIDA). Mwenzetu mmoja jina la baba lilikosewa, akazungushwa hadi akachoka.

Nimepata division three ya pointi 25, na kwa kuwa pointi zikiwa nyingi ndio vibaya, ingeongezeka moja tu ningeangukia four. Kiswahili B, Hesabu F, sishangai. Kwa anayetaka cheti cha masomo ya sanaa na anaweza kujisukuma mwenyewe, kituo kinatosha. Nyota tatu kati ya tano.

Na kama nyumbani kuna binti aliyeacha shule kwa ujauzito, kabla hujamlipia kituo cha mtaani ulizia kwanza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kupitia mradi wa SEQUIP wamekuwa wakisomesha wasichana wa namna hiyo bila ada. Nilikuja kulijua hilo dada yangu akiwa ameshamlipia mwanawe mwaka mzima.