Damu ya mzee juu ya shaba: Tamiya TS-11 kwenye modeli ya Garratt ya daraja la 59

Anayejenga modeli ya Garratt (injini ya mvuke yenye boila katikati na tangi mbele na nyuma) ya daraja la 59 ya East African Railways, na anataka rangi ya kopo la kupulizia iliyo karibu na ile damu ya mzee, yaani maruni, ya reli yetu, achukue Tamiya TS-11 Maroon. Kwa kazi hii sijaona rangi ya kopo inayoizidi. Lakini peke yake haitoshi: praima iliyo chini yake na vanishi iliyo juu yake ndizo zinazoamua kama modeli itafanana na injini ya tani 252 au na kichezeo cha dukani.

Tuanze na rangi. Injini hizi zilikuwa 34, zikajengwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ikapewa jina la mlima. Mbili bado zipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Wengi huenda pale, wakapiga picha kwa simu, kisha wakatafuta kopo linalolingana na picha. Njia hiyo hupotosha. Injini inayokaa nje hupigwa na jua na mvua, hupakwa upya, na kamera ya simu nayo huongeza wekundu wake. Picha za rangi za enzi zile pia zimegeuka kadiri filamu zilivyochakaa. Kwa hiyo usisumbuke kutafuta maruni moja iliyo sahihi. Tafuta nyekundu iliyoiva, yenye uhudhurungi kidogo, isiyoelekea zambarau. TS-11 inaangukia hapo. Humbrol 20 inawaka mno kwa injini hii, na Humbrol 73 ina sauti nzuri ya rangi lakini ni mati (isiyong'aa), kwa hiyo itakudai vanishi ya glosi (inayong'aa) kabla ya kubandika stika.

Halafu kuna suala la ukubwa. Injini yenye urefu wa karibu mita 32, ukiipunguza kwa kipimo cha 1:87, inabaki sentimita 36 hivi. Rangi iliyokolea juu ya kitu kidogo namna hiyo huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Kama unatumia rangi ya chupa na bunduki ndogo ya kupulizia, unaweza kuichangamsha kwa tone la rangi ya chungwa au hudhurungi hafifu. Nyeupe usiitie kabisa, maruni itageuka pinki. Kwa rangi ya kopo huwezi kuchanganya chochote, na hapo ndipo praima inapofanya kazi yake.

Nimeijaribu TS-11 juu ya praima ya kijivu na juu ya Tamiya Fine Surface Primer ya Oxide Red, nyekundu ya kutu. Tofauti inaonekana hata kwa mtu asiyejua rangi. Juu ya kijivu, maruni inapoa na kuwa nzito, na kwenye kingo za tangi na vichwa vya ribiti, ambako rangi hukaa nyembamba, kijivu kinachungulia. Juu ya Oxide Red rangi inapata joto, inafunika kwa mikono (tabaka) miwili au mitatu myepesi, na ribiti zinabaki zimesimama. Mikono michache maana yake ni rangi nyembamba, na kwenye modeli ndogo unene wa rangi ndio unaozika kazi ya mjenzi.

Kama modeli yako ni ya shaba ya njano, praima hiyo usiipulize moja kwa moja juu ya chuma. Itashika siku za mwanzo, kisha utakapobandua tepu ya kufunikia itang'oka nayo. Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki, ukisugua vizuri penye maungio ya kulehemu, kwa sababu mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemia) yakibaki hutoa madoa ya kijani chini ya rangi baadaye. Suuza, acha ikauke usiku kucha, na kuanzia hapo ishike kwa glavu tu. Ndipo upulize Tamiya Metal Primer, mikono miwili myembamba, halafu Oxide Red.

Kabla ya kupuliza, loweka kopo kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache, kamwe usiliweke karibu na moto. Rangi hulainika na matone yanayotoka huwa madogo zaidi. Litikise vya kutosha, simama sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza nje ya modeli na uachie nje ya modeli. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, karibu robo ya chini bado ionekane. Subiri dakika kumi. Wa pili ufunike. Wa tatu uwe wa majimaji kiasi cha kujisawazisha wenyewe, lakini usifike kutiririka.

Garratt ina mtego wake. Mwili wake ni vipande vitatu: tangi la mbele, boila pamoja na chumba cha dereva, na tangi la nyuma. Watu hupaka kipande kimoja leo na kingine wiki ijayo, kisha wakaviunganisha na kukuta tangi moja limekolea kuliko jingine. Vipulize vyote kikao kimoja, kwa kopo lilelile, kwa idadi ileile ya mikono. Kopo la ml 100 linatosha kwa vipande vyote kwa kipimo cha 1:87 na hubaki kidogo cha kurekebishia.

Kwa walio Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, adui mkubwa wa rangi hii ni unyevu. Rangi za TS ni laka, rangi ya viyeyushi vikali inayokauka upesi. Viyeyushi vyake hukimbia haraka, uso wa modeli unapoa, na mvuke wa hewani unaganda juu ya rangi ambayo haijakauka. Matokeo ni ukungu mweupe juu ya maruni. Usipulize mvua ikiwa imetoka kunyesha wala asubuhi na mapema. Mchana wa jua, ndani ya chumba chenye hewa inayopita, ndiyo saa yake. Ukungu ukitokea, usikimbilie msasa. Ngoja siku kavu, puliza mkono mwepesi wa TS-11 ileile, na mara nyingi ukungu huyeyuka wenyewe.

Boriti za mbele na nyuma zinahitaji nyekundu iliyo hai. Nyekundu juu ya Oxide Red hugeuka matofali, kwa hiyo hapo weka praima ya pinki au nyeupe, kisha Tamiya X-7. Paka boriti kwanza, zifunike kwa tepu, ndipo uje kwenye maruni. Tepu ibanduliwe kwa kuikunja irudi nyuma juu yake yenyewe, polepole.

Kisanduku cha moshi (sehemu ya mbele ya boila, chini ya bomba la moshi), fremu na magurudumu ni nyeusi, lakini nyeusi kamili kwenye modeli huua kila umbo. Mimi hutumia Tamiya XF-85 Rubber Black kwenye kisanduku cha moshi na XF-69 NATO Black kwenye fremu. Tofauti yake ni ndogo, ila jicho hulitambua umbo la kila sehemu. Usiguse kwa rangi sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli wala visahani vya kuchukulia umeme. Tone moja tu na injini itaanza kushtuka-shtuka njiani. Fito za kuunganisha magurudumu ziache chuma kitupu, uzisugue kwa msasa laini.

Stika za maji (zinazolowekwa ili zitoke kwenye karatasi yake) zibandike juu ya glosi ya TS-11 kama ilivyo, baada ya harufu ya rangi kuisha kabisa. Glosi haiachi hewa kukwama chini ya stika, na ndiyo sababu napenda rangi hii itoke kopo ikiwa inang'aa. Ukiiacha hivyo hadi mwisho, hata hivyo, mng'aro huo kwenye modeli unakuwa mkubwa kuliko injini. Malizia kwa vanishi ya silki (mng'aro wa kati), TS-79, kwa mikono ya ukungu kabisa. Ikimwagwa nzito, viyeyushi vyake hukunja stika. Kisanduku cha moshi kipe mati, TS-80. Mwili wa silki karibu na kisanduku cha mati: hapo ndipo injini inapoanza kuonekana na uzito wake.

Wanaotaka kuichafua wakumbuke kwamba daraja la 59 liliendeshwa kwa mafuta mazito. Vumbi la makaa halina mahali hapa. Masizi yawe karibu na bomba la moshi na mgongo wa boila, na penye mdomo wa kujazia mafuta kwenye tangi la nyuma weka michirizi myembamba ya nyeusi yenye glosi, ikishuka ubavuni. Rangi ya enameli iliyolegezwa kwa tapentaini inafaa hapo, kwani haiilii laka iliyokauka. Kinyume chake hakifai: laka juu ya enameli huikunjamanisha.

Kasoro kubwa ya TS-11 ni kuipata. Makopo ya kupulizia ni mzigo hatari kwa ndege, na wauzaji wengi wa nje hukataa kuyatuma. Usipoyapata, nenda duka linalochanganya rangi za magari ukiwa na kipande cha plastiki kilichopakwa maruni unayoitaka, na uombe selulosi (aina ya laka ya magari) isiyo na chembe za metali. Utaipulizia kwa bunduki yenye tundu la milimita 0.3, kwa bari 1 hadi 1.5, baada ya kuilegeza kwa thina hadi iwe nyepesi kama maziwa. Praima na vanishi zibaki zilezile.