Kipima muda cha Digital Wellbeing: uzoefu wangu na mahali kinapokwama

Digital Wellbeing, sehemu ya simu inayopima na kuwekea kikomo muda unaotumia kwenye programu, ilianza na Android 9 mwaka 2018, na simu nyingi za Android zinazouzwa sasa hapa Mwanza huja nayo. Nimeitumia kupunguza Instagram na YouTube bila kuzifuta. Inasaidia, lakini inamtwisha mtumiaji mzigo wa kujizuia, ambao kwa sehemu kubwa si wake.

Kuiweka si kazi. Ingia Mipangilio, fungua Digital Wellbeing, gusa duara la matumizi ya leo, kisha alama iliyo kando ya programu husika, uchague dakika 30. Zikiisha, ikoni inageuka kijivu na programu haifunguki. Tatizo ni kwamba unaondoa kizuizi kwa njia ileile uliyokiwekea, bila nywila. Halafu Instagram iliyofungwa bado inaweza kufunguka kwenye kivinjari.

Kinachoniudhi zaidi ni saa ya kuanza upya. Hesabu inarudi sifuri saa 6 usiku, na hiyo saa huwezi kuibadilisha. Aliyemaliza dakika zake saa 5:50 akingoja kidogo tu anapata nyingine 30, wakati uchovu umeshamlegeza. Kwa wanaokesha wakisubiri mitumbwi ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, saa 6 ni katikati ya zamu, kwa hiyo usiku mmoja unabeba posho mbili za dakika. Hao nawashauri watumie hali ya wakati wa kulala, ambayo ratiba yake unajipangia: weka saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, washa skrini ya kijivu na uzime arifa. Rangi zikiondoka, video fupi zinapoteza mvuto haraka.

Mfanyabiashara wa dagaa au sangara hawezi kufunga WhatsApp, maana bei na oda zinapita humo. Yeye atumie sehemu ya kusimamisha programu zinazovuruga, achague TikTok, Instagram na YouTube tu.

Hata hivyo, kilichopunguza muda wangu kuliko vyote hivi kiko ndani ya YouTube yenyewe. Gusa picha yako, nenda Mipangilio, tafuta historia ya video ulizotazama, ifute yote, kisha izime. Tangu Agosti 2023, asiye na historia anapata ukurasa wa mwanzo usio na mapendekezo. Anatafuta anachotaka au anaenda kwenye chaneli alizojiunga nazo. Zima pia kucheza video inayofuata yenyewe, maana inakula bando hata ukisinzia. Instagram nayo ina mlisho (mtiririko wa machapisho) wa unaowafuata tu, kwa mpangilio wa muda, tangu 2022: gusa jina la Instagram juu ya skrini. Ubaya wake, ukifunga programu na kurudi unakuta mlisho wa mapendekezo.

Hapo ndipo naona jibu la nani alaumiwe muda unapopotea. Mtu ni yuleyule, simu ni ileile, utashi haujaongezeka. Kilichoondolewa ni mapendekezo, na muda unashuka. Mwaka 2012 YouTube ilianza kuupa muda wa kutazama uzito katika kupendekeza video, kwa hiyo mashine inafanya ilichoagizwa. Mtumiaji ana sehemu yake: kila video anayoitazama hadi mwisho inaifundisha ilete nyingine kama hiyo. Ila hakuchagua yeye kwamba mapendekezo yawe yamewashwa tangu mwanzo, na swichi ya kuyazima ifichwe kurasa tatu ndani.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Nitaongeza ya nne siku wakiniruhusu kuchagua saa ya kuanza upya na kufunga kizuizi kwa nywila anayoishika mtu mwingine nyumbani. Kwa sasa, anza na historia ya YouTube, kipima muda kifuate.