Rules Cyclopedia ya 1991, iliyochapwa kwa oda: nimeikagua kwa jicho la mchapaji

Nafanya kazi kwenye steshenari Kariakoo, kwa hiyo kitabu kikiingia mkononi mwangu siangalii jalada kwanza. Nafungua ukurasa wa mwisho, halafu napekua gundi. Ukurasa wa mwisho wa hii Rules Cyclopedia, kitabu cha kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons, aliyoniletea dada kutoka Leicester una msimbopau na jina la mji wenye mitambo ya kuchapa kwa oda: Milton Keynes, Uingereza. Hapo nikajua kitabu hiki hakijawahi kulala ghalani. Nililipia nikiwa huku Dar, mashine ya Uingereza ikatoa nakala moja tu, ikafungwa, ikapelekwa kwa dada, naye akaibana kwenye begi katikati ya nguo za watoto.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, kwa kampuni iliyoitwa TSR. Mnakaa mezani. Mmoja anaendesha mchezo na kusimulia mambo yalivyo, wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema anafanya nini, na dadu inakata shauri pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu. Basi, hayo yanatosha.

Rules Cyclopedia ilitoka 1991. Aaron Allston alizikusanya kanuni zilizokuwa zimetawanyika kwenye masanduku ya Frank Mentzer, yaani seti za kanuni za mchezo zilizouzwa ndani ya boksi, yaliyotoka kati ya 1983 na 1986, akazibana kwenye kurasa 304. Mhusika anaanza ngazi ya 1, na akijaliwa uhai anafika ya 36. Uchawi umo, mazimwi wamo, kujenga ngome na kukusanya kodi kumo, mpaka namna ya kupambanisha majeshi mazima bila kurusha dadu kwa kila askari. Sanduku la mwisho tu, lile la mashujaa wanaovuka na kuwa viumbe wasiokufa, ndilo limeguswa juujuu. Sijalikosa sana, kundi letu halijafika hata ngazi ya 6.

Nakala za zamani hutafutwa sana na wakusanyaji, na bei zake nikizitaja nyumbani nitaulizwa ada ya shule iko wapi. Ndiyo maana hizi za kuchapwa kwa oda zina faida. Maduka ya mtandaoni, DriveThruRPG na mwenzake Dungeon Masters Guild, wanauza PDF, na kwa baadhi ya vitabu unaweza kuongeza nakala ya karatasi, laini au ya jalada gumu. Mimi nilichukua jalada gumu.

Uchapaji wa maandishi ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Weusi umekolea na herufi hazikuchanuka pembeni. Michoro ya mistari mitupu imetoka safi. Ile yenye vivuli imekuwa mizito kidogo, na hilo sishangai, kwa sababu kitabu cha miaka hiyo kikipitishwa kwenye skani, doa la kijivu ndilo linalotangulia kufa. Anayetaka picha za kung'aa asinunue kitabu hiki. Hata cha awali kilikuwa cha kusoma, si cha kutazama.

Mgongo ndio nilioukagua zaidi. Haukushonwa. Jalada ni gumu, lakini kurasa ni karatasi moja moja zilizogandishwa kwa gundi, kama ilivyo kawaida ya vitabu vya namna hii popote vinapochapwa. Kitabu cha makunjo yaliyoshonwa unaweza kukilaza wazi mezani usiku mzima kisilalamike. Hiki hapana. Fanya hivi siku ya kwanza: kisimamishe kwa mgongo, laza jalada la mbele na la nyuma, kisha fungua kurasa chache mbele, chache nyuma, ukipitisha kidole polepole karibu na mgongo, mpaka mikono ikutane katikati. Gundi inazoea kujikunja. Nina kitabu cha mchezo mwingine, nilichopata duka jingine kabisa, ambacho jamaa yangu alikifungua katikati kwa pupa kama anayepasua dafu. Kurasa za katikati sasa tunazihifadhi kwenye bahasha.

Kinachonifanya nikipende kitabu hiki cha karatasi ni mpangilio wake. Kila ukurasa una safu tatu za maandishi madogo. Kwenye kishikwambi inakubidi uvute ukurasa, ushuke, upande tena kushoto, ushuke, na kufikia hapo wachezaji wameshaanza kupiga stori za mpira. Kwenye karatasi jicho linaruka safu bila shida. Kitabu cha kanuni unakifungua mara nyingi kwa usiku mmoja, kila mara kwa sekunde chache, na katika kazi hiyo karatasi bado inaishinda skrini. Hapo dola za kuongezea jalada gumu zinarudi.

Ila usiidharau PDF. Haina kufuli, unaifungua kwenye kifaa chochote, ingawa chini ya kila ukurasa wameandika jina lako na namba ya oda, ukiisambaza ijulikane imetoka kwa nani. Na ukishaipakua, itie kwenye flashi palepale. Aprili 2009 Wizards of the Coast, walioinunua TSR mwaka 1997, waliziondoa PDF zao zote sokoni wakilalamikia uharamia, na hata waliokuwa wamelipa wakakatiwa njia ya kupakua tena. Vitabu vya zamani vilirudi kuuzwa Januari 2013. Karibu miaka minne watu walikuwa na risiti tu.

Kwa vitabu vya visa, yaani vile vyembamba vyenye hadithi moja ya kuchezwa, sishauri kabisa nakala ya karatasi ya kuchapwa kwa oda. Nilinunua PDF ya The Keep on the Borderlands ya Gary Gygax, mmoja wa waliobuni Dungeons & Dragons, nikaichapa mwenyewe dukani. Ramani ya mapango katika kitabu cha awali ilichapwa kwa rangi ya buluu upande wa ndani wa jalada, na jalada lenyewe lilikuwa halikubanwa, ili mwendesha mchezo alisimamishe mbele yake kama kiambaza na ramani imwelekee yeye. Ukichapa kwa oda jalada linabandikwa, na ramani inageuka ukurasa kama kurasa nyingine. Mimi niliitoa peke yake kwenye A3, maandishi nikayatia spairo. Shilingi 100 kwa ukurasa wa kawaida, na kazi ikawa nzuri kuliko ya mashine ya Ulaya.

Jihadhari na kitu kimoja ukienda steshenari. Vitabu hivi ni vya kipimo cha Kimarekani, milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297, nyembamba zaidi na ndefu zaidi. Mwambie kijana wa dukani asiiache kwenye kipimo halisi, vinginevyo safu ya pembeni itanyolewa herufi. Achague kuibana ienee ukurasa; itapungua kidogo sana na utabaki na nafasi juu na chini ya kuandika yako. Hiyo nafasi tumeitumia: Gygax hakuwapa majina watu wa ngome ya kisa hicho, amewataja kwa vyeo na kazi zao tu, basi kwetu mhunzi ni Mzee Mfaume na mwenye baa ni Bi Tatu.

Asiye na hela kabisa aanze na Traveller, mchezo wa safari za angani wa Marc Miller uliotoka 1977. Toleo liitwalo Classic Traveller Facsimile Edition, wakati naandika, linapakuliwa bure DriveThruRPG. Vitabu vya asili vilikuwa vidogo, nusu ya karatasi ya Kimarekani, kwa hiyo kurasa mbili zinakaa vizuri upande mmoja wa A4. Kunja, piga pini mbili katikati, kata ukingo kwa gilotini. Hakikisha tu idadi ya kurasa inagawanyika kwa nne, au uongeze tupu mwishoni. Hauhitaji zile dadu za pembe nyingi ambazo hapa mjini kuzipata ni shughuli. Dadu mbili za ludo zinatosha.

Na mhusika anaweza kufa kabla mchezo haujaanza. Unapomtengeneza unamrushia dadu za miaka yake kazini, na akiwa mpelelezi wa anga anahitaji 7 au zaidi kila muhula ili abaki hai: nafasi 21 kati ya 36, kama hana mwili wa kumwongezea alama. Wapo wanaoiruka kanuni hiyo. Kwenye meza yangu haitarukwa, ingawa shemeji yangu amezika wapelelezi watatu mfululizo na sasa anadai dadu zangu ni za Kichina.