Nozeli ya tundu moja: ghorofani siiachi, ila uzi wake wa skrubu unakera

Sisi wazimamoto tuna nozeli hii, kifaa cha mwisho wa mpira wa maji, kwenye begi la vifaa vya moto wa ghorofani kwa miezi minane sasa. Ni ile ya kizamani: koki, shingo, na ncha yenye tundu moja la milimita 29. Ndani hamna springi wala chujio.

Ilinishika moyo siku ya zoezi, ghorofa ya 20. Maji hupoteza takriban baa 1 (kipimo cha presha) kila yapandapo mita 10, kwa hiyo mita 60 juu ya barabara baa 6 zimeshaliwa na kimo peke yake. Geji niliyofunga kwenye tokeo la bomba la jengo, lile linalopandisha maji ya kuzimia moto, ilisoma baa 4.5. Nozeli yetu ya ukungu, inayotawanya maji kuwa matone madogo na inayotaka baa 7, ikatoa maji legelege yaliyoanguka katikati ya ukumbi. Tukaifungua, tukafunga hii. Yenyewe hutosheka na baa 3.5, na mpira wa milimita 65, mita 30, hula kama baa 1 tu. Maji yakanyooka hadi ukuta wa mwisho, karibu lita 1,000 kwa dakika. Mwenzangu aliyeshika mpira nyuma yangu akauliza kama pampu imeongezwa. Haikuguswa.

Nalichukulia hili kwa uzito kwa sababu ya moto wa jengo refu la One Meridian Plaza, Philadelphia, Marekani, Februari 1991. Valvu za kupunguza presha kwenye bomba la jengo zilikuwa zimesetiwa vibaya, na nozeli za ukungu walizopanda nazo wazimamoto zikakosa nguvu. Wazimamoto watatu walikufa. Moto ulioanza ghorofa ya 22 ulikuja kukomeshwa na vinyunyizio vya dari kwenye ya 30.

Jambo jingine: bomba la jengo lisilofunguliwa muda mrefu hutema kutu na vijiwe. Tunalisafisha kwanza, lakini kinachosalia hupita kwenye tundu hili bila kukwama.

Kasoro zipo. Inasukuma nyuma kwa nguvu ya kama kilo 45, hivyo usiishike peke yako. Haitoi pazia la maji la kukukinga na joto. Msiifunge kwenye mpira wa milimita 45 mkitegemea maji hayo hayo. Presha yote itaishia njiani. Na uzi wa ncha ni mwembamba mno: nikiwa na glavu, gizani, ulinipinda mara mbili kabla haujashika. Kwa hilo nimeondoa nyota moja kati ya tano.