Kold ea inteki kwa gari ya kila siku: nimezipanga kuanzia ya kununua mpaka ya kuacha

Wakuu, kila mara naulizwa na mtu mwenye IST au Subaru anayetaka kufunga inteki, yaani bomba na filta ya kuipa injini hewa baridi ya nje, ili gari iwe nyepesi na mafuta yapungue. Niseme mapema, kama gari yako ni ya kwenda kazini na kurudi, pesa iende kwenye ea klina (filta ya hewa) nzuri na boksi lake linaloziba vizuri, hilo bomba la kung'aa lisubiri. Injini ya petroli inavuta hewa kulingana na batafulai, kile kifuniko cha njia ya hewa kinachofuata pedeli, ilivyofunguka, sasa wewe uko foleni ya Mwenge mguu umegusa tu pedeli, batafulai iko karibu kufungwa, hata uweke bomba pana kama ndoo hewa itakwama palepale. Faida ya inteki unaiona ukikanyaga mpaka chini na rpm (mizunguko ya injini) ziko juu, na hapa Dar hiyo nafasi unaipata mara ngapi kwa siku?

Halafu gari nyingi zimetoka kiwandani na kold ea tayari. Fungua boneti ya Forester ufuate ule mdomo wa plastiki, unaanzia mbele kwenye grili, unavuta hewa ya nje.

Kuhusu mafuta, maabara ya Oak Ridge kule Marekani walipima mwaka 2009 wakitumia gari za injekta zenye filta zilizozibwa makusudi, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana, kilichoshuka ni mchomoko. Kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta kulingana nayo. Kama filta chafu haipandishi ulaji, filta pana nayo itaushushaje?

Namba moja kwangu ni filta mpya ya karatasi, saizi sahihi, ndani ya boksi la original. Dukani usiangalie jina kwenye kasha peke yake, itoe. Pitisha kidole kwenye mpira wa pembeni, uwe laini na usiwe na sehemu iliyokatika, mikunjo ya karatasi isimame sawa, halafu washa tochi ya simu nyuma yake, ukiona kitundu kimoja tu cha mwanga unaokuja moja kwa moja irudishe. Nyumbani kabla hujaifunga chomoa hoze inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini, futa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu ujue hewa inapita pembeni ya filta, labda klipu imevunjika au hoze imepasuka kwenye mikunjo, na hapo ndo injini inaliwa taratibu bila wewe kusikia chochote. Mimi hicho kitambaa nakipitisha kila nikibadilisha oili. Na tafadhali acheni kupuliza ea klina kwa kompresa ya nguvu kule karwoshi, karatasi inachanika.

Namba mbili, filta ya pamba ya kuoshwa inayokaa kwenye boksi lilelile, kama za kampuni ya K&N. Inafaa kwa mtu anayekaa na gari miaka mingi na yuko tayari kuiosha mwenyewe. Oili yake ipake kidogo sana na uiache ienee, ikizidi inaenda kugandia kwenye waya wa sensa ya eafloo inayopima hewa iingiayo, sailensi (mngurumo gari ikiwa imesimama) inaanza kucheza na taa ya chek enjini inawaka. Kama njia yako ya nyumbani ni vumbi tupu baki na karatasi.

Namba tatu ni inteki kamili yenye ngao ya joto, iliyotengenezwa kwa modeli yako. Cha kuuliza ni kipenyo pale sensa inapokaa, kwa sababu bomba likiwa pana kuliko la original hewa inapita taratibu, sensa inadhani ni kidogo, mafuta yanatolewa pungufu, na kwenye Subaru ya tabo (turbo) hiyo ni njia ya kuua pistoni. Tabo bila kutyuniwa upya, yaani kompyuta yake kupangwa upya, usifunge.

Namba nne, koni, yaani filta ya umbo la koni isiyo na boksi, iliyo wazi ndani ya boneti. Mlio wake naupenda kwa dhati, nilikuwa nayo kwenye Forester yangu. Asubuhi ilikuwa tamu, saa nane mchana baada ya foleni nikitaka kupita lori gari nzito. Hewa ya nyuzi 35 ikipashwa mpaka 60 inapoteza karibu asilimia 8 ya uzito wake, yaani umenunua inteki ya hewa moto.

Ya mwisho kabisa kwa Dar ni ile ndefu inayoshusha koni nyuma ya bampa. Hewa yake ni ya baridi kweli, lakini masika Jangwani ikijaa koni iko chini kabisa, inafyonza maji, na maji hayabanwi kama hewa, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda hapohapo na hiyo injini ni ya kushushwa.

Ukinunua gari ya mtu ukaikuta na koni, muulize boksi la original liko wapi. Kama hana, tafuta kwanza bei ya boksi, mdomo wake na klipu zake ndo urudi kujadiliana naye.